Bonde la Makutupora halinywi kila mwaka, tusilizibe mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako nitoe dukuduku langu. Najua barua za wastaafu huwa ndefu, na kisu chako ni kikali, ila nakusihi hii usiikate sana.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye daladala kutoka Msalato kuja mjini. Mazungumzo yakaangukia maji, kama yanavyoangukia kila mara hapa Dodoma. Kijana mmoja mwenye shati safi na mkoba wa kompyuta mapajani akatuambia tusihangaike bure. Pale Makutupora, kwenye visima vinavyounywesha mji huu, alisema, kuna mto mkubwa unaotoka Ziwa Victoria, unapita chini kwa chini, ndiyo maana visima vya pale havikauki. Mama aliyepakata kuku akasema yeye alisikia ni ziwa, si mto. Konda akawaamua: "Vyote viwili vipo." Watu wakacheka, gari likaingia stendi, nami nikashuka bila kusema neno. Nimejuta kunyamaza, maana huko chini wanakokuzungumzia ndiko ilikokuwa kazi yangu kwa miaka arobaini.

Nilianza kibarua kwenye mtambo wa kuchimba visima mwaka 1979, nikiwa kijana wa kubeba mabomba. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kukinga udongo. Mtambo ukichimba, hewa ya kompresa inausukuma udongo juu, na kila ikitimia mita moja kuna mtu anakinga kwa chepe na kumwaga fungu lake pembeni, kwenye mstari. Kisima cha mita 80 kina mafungu 80, yamepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni. Mtu anayejua kazi hahitaji kuambiwa kitu. Anatembea kando ya mstari huo mikono nyuma, akifika mwisho ameshajua kama kisima kitatoa maji au kitatoa aibu.

Mafungu ya bonde la Makutupora huanza meusi. Ni udongo wa mbuga, ule unaonata kwenye kiatu mpaka unajiona umerefuka. Chini yake unakuja udongo wa kijivu wenye vipande vyeupe vya chokaa, kisha mchanga uliochanganyika na tope. Halafu rangi zinageuka, njano, kahawia, wekundu wa kutu, na unaanza kuokota punje za jiwe ambazo ukizibana kwa vidole zinasagika. Hilo sisi wachimbaji tunaliita jiwe bovu. Ni granaiti iliyooza pale pale ilipolala, kwa maji na joto la miaka mingi kuliko inavyohesabika kwa vizazi. Ukizidi kushuka jiwe linakuwa gumu lakini bado lina nyufa. Chini kabisa ni granaiti nzima, ya waridi na kijivu, na hapo nyundo ya mtambo inabaki kulia tu na kurusha vumbi.

Maji yako kwenye jiwe bovu na kwenye zile nyufa za chini yake. Hakuna mto. Mke wangu aliponiuliza zamani, nilimwambia achukue godoro lililolowa, alilaze juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka. Godoro ndilo linalotunza maji, nyufa ndizo zinazoyapeleka mbio kwenye kisima. Penye godoro bila nyufa, kisima kinatoa kidogokidogo. Penye nyufa bila godoro, kinatoka kwa kishindo siku ya kwanza halafu kinakata. Makutupora ina vyote viwili, na kwa unene wa kutosha, ndiyo siri yake yote.

Kwa nini Makutupora na si kwingine? Kwa sababu jiwe la pale lilivunjwa. Hii granaiti ya kwetu ni ya kale mno, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na sehemu kubwa ya Dodoma imelala juu ya jiwe hilo hilo ambalo halina hata glasi ya maji. Lakini tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafika huku kwetu, na ndiyo maana mara moja moja vyombo hulia kabatini usiku na watu kutoka nje na mashuka. Mipasuko mikubwa, kama ule wa Mlemu na ule wa Kitope, imelishusha bonde na kulikatakata jiwe. Bonde likawa bakuli. Kwenye bakuli hilo unapita mto Kinyasungwe Ndogo na makorongo yanayomwaga humo, yakishusha mchanga na tope kwa miaka na miaka. Mto huo hauna maji sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni akiuvuka mwezi wa Agosti anadhani ni barabara ya mchanga.

Nitaje kisa cha jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwa ruhusa yake. Alijenga chini ya kilima, mahali pazuri penye upepo. Akaja mtu na kijiti cha matawi mawili, akatembea uani, kijiti kikainama, akasema maji yapo, tena mengi. Ikaja kampuni ya uchimbaji, siitaji, na mkataba wa kulipa kwa mita. Wakachimba mita 130. Vumbi likafunika mapera yote. Kila mwalimu alipouliza aliambiwa "tuongeze kidogo tu, mzee". Fedha za ng'ombe wake ziliingia kwenye shimo lile. Aliponiita, mtambo ulikwishaondoka, lakini mafungu yalikuwa bado yamelala kwenye mstari. Nikayapitia. Jiwe bovu lilikuwa jembamba, likaisha mita ya 18. Kuanzia mita ya 25 hadi ya 130 mafungu yote ni unga wa waridi mtupu, mkavu, rangi moja.

"Mzee mwenzangu," akaniuliza, "si nasikia ukienda chini zaidi ndiyo maji mengi?"

"Mwalimu," nikamwambia, "kuanzia mita ya 30 walikuwa wanachimba mfuko wako."

Huo ndio ubaya wa hadithi ya mto wa chini kwa chini. Anayeiamini atakubali kuchimbiwa popote na hadi popote, maana mto lazima utakuwa huko mbele. Na kwa mji mzima ni mbaya zaidi, kwa sababu mto unaotoka Ziwa Victoria haumalizwi na pampu, basi hakuna haja ya kuuliza maji yetu yanaingiaje. Mimi hapo ndipo ninapotaka tuulize.

Mtambo nilitoka baada ya mgongo kunigomea, nikahamishiwa kupima kina cha maji visimani. Watu waliniona mvivu, mtu mzima anazunguka na baiskeli na utepe. Tulipima hivi. Utepe wa chuma, ncha yake unaipaka chaki ya shule kama mita moja hivi. Unaushusha taratibu kwenye bomba la kisima, na unahakikisha alama ya mita kamili, tuseme 30, imekaa sawasawa kwenye mdomo wa bomba. Kisha unauvuta haraka kabla jua halijaukausha. Chaki iliyolowa inabadilika rangi na mstari unaonekana wazi kabisa. Kama zimelowa sentimita 62, unatoa kwenye 30, unaandika mita 29.38, tarehe, saa, na kama pampu ya jirani inafanya kazi au imezimwa. Baadaye vilikuja vipimo vya umeme vinavyolia vikigusa maji. Navyo ni vizuri, ila betri zilikuwa zinakufa na chaki haifi.

Kosa langu kubwa nililifanya na utepe huo. Mwezi mmoja wa Septemba niliandika kwamba maji kwenye kisima fulani yamepanda sentimita 41. Mkuu wangu wa kazi, Mnyakyusa mmoja mkali, akaniita, akaweka kidole juu ya tarakimu ile, akasema, "Kijana, Septemba hii mvua ilinyesha wapi?" Tukapanda pikipiki hadi kwenye kisima. Wezi wa vyuma chakavu walikuwa wamekata kipande cha bomba juu. Mimi nilipimia kwenye mdomo mpya bila kuangalia, maji hayakuwa yamepanda, bomba ndilo lililokuwa limefupishwa. Tangu siku hiyo nilikuwa napima kwanza bomba lenyewe kutoka kwenye zege, ndipo nashusha utepe.

Nasimulia haya kwa sababu vitabu vya namna hiyo, vilivyoandikwa na watu wa utepe mmoja baada ya mwingine, ndivyo vilivyoipa Makutupora jina duniani. Vipimo vya pale vilianza mwaka 1955, mimi sijazaliwa. Mwaka 2013 Profesa Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL, London, pamoja na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha walichokiona kwenye vipimo hivyo vya miaka 55, hadi 2010. Walichokiona ni kwamba maji hayaingii chini kila mwaka. Kina kinashuka, kinashuka, kinashuka miaka kadhaa mfululizo, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, kinaruka juu, kisha kinaanza tena kushuka. Karibu asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ndani ya miaka hiyo 55 iliingia katika misimu 7 tu. Na msimu mmoja wa 1997/98, ule wa El Niño, peke yake ulileta kama asilimia 20.

Hebu tuitafakari hiyo hesabu. Mtoto aliyezaliwa Dodoma mwaka 1999 alikuwa akinywa kwa sehemu kubwa mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa.

Nakumbuka msimu ule. Nchi nzima ilikuwa inalia, barabara zimekatika, madaraja yamekwenda. Maji ya Kinyasungwe hushuka Mpwapwa, yakawa Mkondoa kule Kilosa, yakaishia Wami hadi baharini, na njiani reli ya kati huwa haina amani nayo. Hata mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama kwa miezi. Watu walikuwa na haki ya kulaani. Ila mimi, Mungu anisamehe, mwaka 1998 nilikuwa nafurahi kimyakimya. Kinyasungwe Ndogo, ambao kawaida hupita saa chache kama mgeni mwenye haraka, ulikaa na maji siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Baiskeli niliiacha ng'ambo. Na kila nilipofika kisimani, utepe ulirudi mfupi kuliko safari iliyopita. Tena hata mto ulipokauka na watoto wakarudi kucheza mpira mchangani, kisimani maji yaliendelea kupanda. Maji ya chini hayana papara.

Sasa msomaji ataniuliza, kwani mvua za kawaida zinakwenda wapi? Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na jua letu lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya hizo. Na juu kuna huo udongo wa mbuga. Novemba una nyufa za kumeza ndala. Mvua ya kwanza inashuka kwenye nyufa, udongo unavimba, nyufa zinajifunga kama mlango. Kuanzia hapo maji yanasimama juu, vyura wanaimba, uwele na mtama vinakunywa sehemu yake na jua linachukua iliyobaki. Mbuga iliyolowa haipitishi kitu. Ni mfinyanzi, hata vyungu vinafinyangwa kwa udongo wa jamaa hiyo.

Yanayofika chini hupita mahali pachache. La kwanza ni kitanda cha mto na makorongo, penye mchanga mnene. Mafuriko yakipita, mchanga unashiba, na hata maji ya juu yakiondoka, ule mchanga unaendelea kuyadondosha chini kidogokidogo. Mahali pengine ni pale zilipolala ndimi za mchanga ndani ya mbuga. Hizi hazionekani kwa macho. Mto huhama, Mhariri. Ulikopita enzi za mababu wa mababu haupiti leo, lakini mchanga wake umebaki, umefukiwa au umefunikwa na tope jembamba. Niliwahi kukinga udongo kwenye matundu mawili yaliyopishana kama hatua mia mbili. La kwanza lilitoa mbuga tupu hadi mita sita, chepe halitoki. La pili, mbuga ilikuwa ya kiasi cha goti, kisha mchanga safi wa punje kubwa, mita tisa, kama vile tumechimba mtoni. Kwa juu palikuwa shamba moja, la mtu mmoja, lenye mtama mmoja. Wataalamu waliokuja baadaye na vyombo vya kupitisha umeme ardhini wamekuta mambo ya namna hiyo, mchanga umelala kama mifuko ndani ya mfinyanzi.

Kwa hiyo bonde letu ni kama ng'ombe mkubwa mwenye mdomo mdogo, anayenyweshwa mara moja kwa miaka mingi. Siku mvua yake ikifika, tukiwa tumemziba mdomo, hatapata nyingine karibuni. Hapo ndipo dukuduku langu lilipo.

Tangu serikali ilipohamia hapa, mji umefumuka. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956 katika wilaya yetu ya mjini, ya 2022 ikatukuta 765,179. Sipingi, hata mimi nimepata mpangaji. Nyumba hazijengwi kwa maneno, zinajengwa kwa mchanga, na mchanga unaopendwa ni wa makorongo. Mtoto wa kaka yangu ana lori la kukodi, tani saba. Nilimkuta Julai kwenye korongo mojawapo linaloingia bondeni, yeye na malori mengine sita, vijana wanapakia kwa machepe. Nilimuuliza hawaoni wanafika wapi. Akanijibu kwa adabu, hilo siwezi kumlaumu:

"Baba mdogo, mafundi wanataka huu. Wa mbuga haushiki, plasta inapasuka. Na mimi nina rejesho kila Ijumaa."

Nikashuka korongoni. Kwenye ukuta wa shimo walilochimba niliona mchanga mweupe unaofika kifuani kwangu, na chini yake, pale machepe yalipogota, ufito mweusi unaong'aa. Mbuga. Walikuwa wameukwangua mchanga wote mpaka kwenye mfinyanzi, kwa urefu wa kama uwanja wa mpira. Mvua ikija, maji yatateleza juu ya mfinyanzi ule kama juu ya sahani na kukimbilia zake chini. Vijana wale hawajui, na aliyewapa risiti ya ushuru sidhani kama alijua. Mchanga kwenye vitabu vya ushuru ni tani na shilingi, hakuna mahali pameandikwa kwamba ni mlango.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini inalinda mto unaoonekana. Zile ndimi za mchanga, ambako mto uliwahi kupita ukahama, zinaweza kuwa mbali sana na hizo mita 60, na leo zinapimwa viwanja, zinamwagiwa kifusi, zinawekwa lami na vitofali. Mwenye kiwanja atafurahi, maana hapatuami maji kama kwa jirani. Hatajua kwa nini. Hapatuami kwa sababu pale ndipo mdomo ulipo.

Ninachoomba ni vitu viwili, na vyote vinawezekana.

Cha kwanza, ichorwe ramani ya midomo hii, korongo kwa korongo, ulimi kwa ulimi, na ramani iwekwe mezani kwa wanaopima viwanja na wanaotoa vibali vya mchanga. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inatoa nguvu za kutangaza maeneo ya kulindwa kwa ajili ya vyanzo vya maji, basi nguvu hizo zifike mpaka kwenye mchanga usio na maji juu yake. Kila Machi kwenye Wiki ya Maji tunapanda miti na kupiga picha. Siubezi mti, lakini mara moja tu ningependa kumwona kiongozi akipiga picha amesimama kwenye korongo kavu, amevaa buti, akisema hapa pasiguswe. Kwa wenye malori mbadala upo. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kwenye mto huu huu upande wa chini, limejaa tope na mchanga kiasi cha kuhuzunisha. Pale mto unapoingia bwawani wachote hadi wachoke, watakuwa wanatusaidia. Ni mbali zaidi, najua, na dizeli ina bei. Hilo ndilo la kujadili, nani alipie hizo kilomita za ziada, lakini lijadiliwe hilo na si jingine.

Cha pili ni kina cha maji kitangazwe. Tunatangaziwa kina cha bwawa la Mtera kila ukame unapotishia umeme, na hata asiyejua Mtera iko wapi anafahamu limebakiza mita ngapi. Makutupora inaunywesha mji mkuu wa nchi, lakini mwulize mtu yeyote Dodoma leo maji yako mita ngapi chini, yakoje ukilinganisha na mwaka jana, utaona anavyokutazama. Tarakimu moja kwa mwezi, kwenye kona ya gazeti lako, Mhariri, kando ya bei ya mahindi. Inatosha. Wakulima wetu wa zabibu wangeitazama kabla ya kuongeza pampu. Mwenye fedha ya kisima cha uani angeitazama kabla ya kuita mtu wa kijiti. Na kisima kikubwa kikivuta, maji yanayokizunguka yanashuka kwa umbo la funeli, funeli la huyu likikutana na la yule wote wawili wanapungukiwa. Jirani zako usiowaona wako nawe kwenye bomba moja.

Nasikia hoja kwamba haya yote yatapitwa na wakati, maji yatakuja ya Bwawa la Farkwa na hatimaye ya Ziwa Victoria kweli, kwa bomba, si kwa mto wa daladala. Na yaje, mji huu unayahitaji. Ila bwawa la nchi kavu jua linalichota kila siku, na bomba la mamia ya kilomita linapasuka. Maji yaliyolala kwenye jiwe bovu hayachotwi na jua wala hayapotei bomba likipasuka. Hata tukiwa na bomba kumi, akiba yetu itakuwa ni hii.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilipima kisima cha uani kwangu, cha mkono, kile nilichochimba mwenyewe mwaka 1991. Maji yako mita 14 na sentimita 62 kutoka ukingo wa zege. Nikaandika ukutani, chini ya nyingine zote, kwa chaki. Mtoto wa kaka alikuwa amekuja kunisalimia, lori ameliacha barabarani likiwa tupu. Akasimama akizisoma tarakimu kutoka juu kwenda chini, kidole ukutani, kama mkuu wangu wa zamani. Alipofika kwenye Mei 2024, baada ya ile El Niño ya juzi, akakaa hapo kidogo.

"Hapa yalipanda," akasema.

Nikamwambia ndiyo, hapo yalipanda.

Mstaafu wa visima,
Msalato, Dodoma